Kulipia Kwenda Kutibu: Tathmini ya Safari ya Siku Nane Amudat

Mwezi Agosti uliopita nililipa shilingi 42,000 za Kenya ili niende kufanya bure kazi ambayo hapa Nakuru ninalipwa mshahara kuifanya. Safari iliandaliwa na muungano wa makanisa kadhaa, ambao sitautaja jina kwa sababu mengi ya haya nitakayoyaeleza tumekwisha kuyazungumza nao ana kwa ana, na ilitupeleka wilaya ya Amudat, katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Tulikuwa watu 31. Mimi ni mfamasia, na kwa siku zote 4 za kliniki nilikaa kwenye meza ya dawa, yaani mwisho kabisa wa foleni, mahali ambapo kila kilichofanywa vizuri au vibaya huko mbele hufika kikiwa kimeandikwa kwenye kikaratasi. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya Wakristo wenzangu, hasa wa fani za afya, ambao husikia matangazo ya safari kama hizi baada ya ibada na kujiuliza kama fedha zao na likizo yao vitakuwa vimetumika ipasavyo.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndilo swali ambalo wengi huona haya kuliuliza kanisani. Mchango huo ulijumuisha basi la kutoka Nairobi, gari moja la Land Cruiser la kuingia vijijini, chakula, malazi, fulana 2 na dawa zote za kliniki. Haukujumuisha ada ya leseni ya muda ambayo kila mhudumu wa afya kutoka nje hutakiwa kuipata kwa baraza la taaluma yake nchini Uganda, wala chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake ni sharti la kuingia nchini humo. Pasipoti si lazima kwa Mkenya, kwani kitambulisho cha taifa kinatosha. Kulipa ili ujitolee si jambo geni wala si aibu: hata katika meli za hospitali za Mercy Ships, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1978, wauguzi na madaktari kwa miaka mingi wamekuwa wakijilipia nauli na gharama za kuishi melini. Lakini anayelipa ana haki ya kuona hesabu, nami niliiomba. Katika jumla ya shilingi 1,302,000 tulizochanga, dawa na vifaa vya kliniki vilichukua kama shilingi 260,000. Zilizobaki zilikuwa basi, mafuta, chakula, magodoro, fulana, jenereta ya kukodi na posho za wakalimani.

Ndugu yangu mmoja alipoiona hesabu hiyo aliuliza kwa nini tusingebaki makwetu na kuituma milioni nzima kwa hospitali ya huko. Swali lake ni la haki, na jibu langu halinipendezi: mimi mwenyewe nisingetoa shilingi 42,000 kwa hospitali nisiyoijua, na sidhani wenzangu 30 wangezitoa. Tulizitoa kwa sababu tulikuwa tunakwenda. Kwa hiyo sitaipima safari hii kwa kuilinganisha na milioni ambayo haingetumwa kamwe, bali kwa kile ilichokifanya ilipofika.

Maandalizi ndiyo sehemu iliyonisikitisha mapema zaidi. Dawa zinazoingizwa Uganda, hata zikiwa za msaada, hupitia kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, na orodha inapaswa kuonyesha jina la kila dawa, nguvu yake, idadi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Orodha yetu iliandaliwa na kijana mwenye moyo mwema asiye wa fani hii, na mimi niliipata tukiwa tayari ndani ya basi, mahali fulani baada ya Eldoret. Maboksi 2 yalikuwa yameandikwa tu «dawa mchanganyiko». Tulipofika mpaka wa Suam, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, tulikaa saa 6 tukifungua maboksi hayo juu ya turubai, na nilichokiona ndani yake hakikunishangaza: dawa za kikohozi za maji zilizobakiza miezi 2, vidonge vya mzio vilivyokwisha kufunguliwa, na mafuta ya kujichua ambayo yaelekea yalitoka kwenye kabati la mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapowasili. Maafisa wa mpakani walikuwa na subira kuliko tulivyostahili. Maboksi yale yalibaki Kenya, nasi tukafika Amudat usiku badala ya mchana.

Neno «ng'ambo» lilitumika sana katika matangazo ya safari hii, na wenzangu kadhaa walikuwa wakitoka nje ya Kenya kwa mara ya kwanza. Lakini wakazi wa Amudat ni Wapokot, ndugu wa damu wa Wapokot wa kaunti ya Pokot Magharibi, na mpaka unaowatenganisha umekuwa wa karatasi zaidi kuliko wa maisha. Hadi mwaka 1970 eneo la Karasuk, ambalo liko ndani ya Kenya na ambamo mji wa Kacheliba umo, lilitawaliwa kutoka Uganda. Wilaya yenyewe ya Amudat ilizaliwa mwaka 2010 tu, ikimegwa kutoka Nakapiripirit. Mzee mmoja aliyenipokea dawa ya macho aliniambia kwa Kiswahili safi kwamba mifugo yake inakunywa maji Kenya na watoto wake wanasoma Uganda. Kwetu sisi hili lilikuwa na faida kubwa ambayo waandaaji hawakuitangaza: wengi wa wagonjwa wenye umri wa kati walielewa Kiswahili, nasi tulikuwa na wanafunzi wa sekondari waliotafsiri Kipokot moja kwa moja. Nimewahi kuisaidia timu ya Wamarekani huko Baringo ambapo maelezo ya mgonjwa yalipitia lugha 3 kabla ya kufika kwa daktari, na kile kilichoanza kuwa maumivu ya kifua kilifika kikiwa huzuni.

Malazi hayahitaji maneno mengi. Tulilala katika madarasa ya shule ya msingi upande wa Loroo, wanawake katika madarasa mawili na wanaume katika moja, kwa magodoro membamba na vyandarua vya kutosha. Chakula kilikuwa ugali, maharagwe na kabichi, na usiku wa mwisho mbuzi. Maji ya kuoga yalikuwa ndoo moja kwa mtu kwa siku. Asiyeweza kustahimili hayo kwa wiki moja asiende.

Kliniki ilifanyika chini ya miti na katika jengo la kanisa lisilo na milango. Wagonjwa walisajiliwa, wakapimwa joto na shinikizo la damu, wakaonwa na mmoja wa madaktari 3 au matabibu 4, kisha wakaja kwangu. Mpangilio huo ulikuwa mzuri kwenye karatasi, na kwa kweli ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia, ila asubuhi ya kwanza kabisa tuligundua kwamba kinanda cha kwaya kilikumbukwa na mizani ya watoto ikasahaulika. Mtu asiye wa fani anaweza kuliona hili kuwa jambo la kuchekesha. Dozi ya mtoto hutolewa kwa uzito wake, na mtoto wa miaka 3 anaweza kuwa na kilo 9 au kilo 14. Tuliokolewa na wahudumu wa afya wa kijiji, kina mama 2 na mzee mmoja wanaojitolea katika jamii yao mwaka mzima bila fulana wala basi, ambao waliazima mizani ya kuning'iniza kutoka kituo cha afya na kuifunga kwenye tawi. Mwanzoni tuliwatumia kupanga foleni. Ilituchukua siku nzima kutambua kwamba ndio waliopaswa kutupanga sisi.

Nikae kidogo kwenye meza yangu, kwa sababu hapo ndipo nina haki ya kusema kwa uhakika. Dawa ya amoksilini tuliyobeba kwa ajili ya watoto ilikuwa ya unga wa kuchanganya na maji katika chupa ya mililita 100. Kila chupa ilihitaji maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa hiyo kijana mmoja alikuwa na kazi moja tu kutwa nzima, kuchemsha maji kwenye mafiga matatu nyuma ya kanisa na kuyapoza katika sufuria zilizofunikwa. Dawa hiyo ikishachanganywa haidumu zaidi ya wiki moja au mbili, na inapendelea friji. Nilimkabidhi mama mmoja chupa ya rangi ya waridi, naye akaitia ndani ya kibuyu chake kidogo, akakifunika kwa nguo na kuanza kutembea kuelekea nyumbani kwake, mwendo wa saa 2, jua likiwa utosini. Kuna tembe za amoksilini za watoto zinazoyeyushwa katika kijiko cha maji wakati wa kunywa, hazihitaji friji, ni nyepesi kubeba, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likizipendekeza kwa nimonia ya watoto kwa miaka mingi. Gharama yake isingetuvunja. Hazikuagizwa kwa sababu hakuna mfamasia aliyeulizwa, na mimi nilikuwa nimejiandikisha miezi 2 kabla.

Kitu kimoja kwenye meza hiyo ninakisifu bila kusita. Bahasha za dawa zilichapishwa michoro ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na mistari ya kuchora idadi ya vidonge chini ya kila mchoro. Mkalimani wangu, binti wa kidato cha tatu, alimtaka kila mgonjwa arudie maelezo kabla ya kuondoka. Bibi mmoja alirudia yote sawasawa, kisha akamuuliza binti huyo kama mwezi usipoonekana usiku huo asinywe. Tangu hapo tulisema «wakati wa kulala».

Wengi wa watu wazima walikuja na maumivu ya mgongo, magoti na shingo, na wengi wao walikuwa wanawake wanaobeba maji na kuni kila siku. Niliwapa parasetamoli ya siku 5. Sioni la kujivunia hapo, ingawa simlaumu mtu. Mgongo unaobeba mtungi kila asubuhi hauponi kwa vidonge 30. Jambo zito zaidi lilikuwa shinikizo la damu. Siku ya kwanza tuliwaanzishia watu kadhaa amlodipini ya mwezi mmoja, na hakuna aliyeandika popote kwamba wanapaswa kuendelea wapi siku ya 31. Jioni hiyo nilikataa kuendelea kutoa dawa za kudumu kwa mgonjwa asiye na barua ya kumpeleka kituo cha afya cha karibu. Kiongozi wa timu alikubali baada ya majadiliano marefu, na kuanzia siku ya pili barua ziliandikwa kwa mkono, nakala moja ya mgonjwa na nyingine ya kituo.

Kuhusu upande wa kiroho, ambao ndio uliotupeleka, niseme kwanza kwamba mimi ni Mkristo na nisingeenda na shirika lisiloomba. Ibada za asubuhi zilikuwa fupi na za kweli. Nilichopinga ni mahali ilipowekwa meza ya maombi: kati ya daktari na dawa. Mgonjwa hakuweza kunifikia bila kupitia kwa ndugu 4 wenye Biblia, na niliwaona watu wakiinamisha vichwa huku macho yao yakiwa kwenye maboksi yangu. Hakuna aliyekusudia kuyafanya maombi kuwa bei ya dawa, lakini kwa anayetazama kutoka kwenye foleni hayakuwa na tofauti na bei. Siku ya tatu meza ilihamishiwa chini ya mgunga, mbali na foleni, baada ya dawa. Idadi ya waliokwenda ilipungua, ila waliokwenda walikaa, wakasema yaliyowasibu, na mama mmoja alikaa huko hadi tulipofungasha.

Mahubiri ya ufunguzi yalikuwa kuhusu Msamaria mwema, kama inavyotarajiwa katika safari ya aina hii. Mhubiri alisema vizuri juu ya mafuta na divai, juu ya majeraha kufungwa na mtu kupandishwa juu ya mnyama, lakini dinari 2 alizoachiwa mwenye nyumba ya wageni alizipita haraka. Nimelikumbuka hilo kwa sababu ya yaliyotokea siku ya pili.

Saa nane mchana alifika kwenye meza yangu mama kijana akiwa na mtoto wa kiume wa miaka kama 6 mgongoni. Kikaratasi kilisema homa, na kiliagiza dawa mseto ya malaria. Hakikuonyesha jibu la kipimo, kwa sababu vipimo vyetu vya haraka vilikuwa vimekwisha saa sita. Tulibeba vichache mno. Daktari aliyeandika alikuwa kijana hodari ambaye tangu asubuhi alikuwa ameona wagonjwa zaidi ya 60, naye aliandika kile ambacho wengi wetu tungeandika. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vidonge pale mmoja wa wale kina mama wahudumu wa kijiji aliponiwekea mkono juu ya trei.

«Daktari,» aliniambia, kwa maana huko kila anayekaa nyuma ya meza ni daktari, «dawa hii mtoto huyu amekunywa mara tatu tangu mvua zianze. Mguse hapa.»

Aliuchukua mkono wangu na kuuweka upande wa kushoto wa tumbo la mtoto, chini ya mbavu. Bandama ilikuwa imevimba na kuwa ngumu, ukingo wake ukifika karibu na kitovu. Miguu ya mtoto ilikuwa myembamba kama ya ndege. Nilimuuliza mama yake homa imeanza lini, akanihesabia kwa minada ya mifugo: minada 5 imepita.

«Huyu ni wa Amudat hospitali, mama?» nilimuuliza mhudumu.

«Ni wa Amudat. Nilimwambia wa usajili, akaniambia nipange foleni.»

Alichokishuku mhudumu ni kala-azar, ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kinachoambukizwa na usubi, na katika nchi hii usubi huo hupenda kukaa katika vichuguu vya mchwa, ambavyo watoto wachungaji huketi juu yake jioni. Huanza kama malaria: homa, kukonda, kukosa hamu ya kula. Asipotibiwa, mgonjwa hufa katika zaidi ya visa 95 kati ya 100. Hospitali ya Amudat, ambayo ni ya Kanisa la Uganda, imekuwa ikiutibu ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, hupokea wagonjwa wa pande zote mbili za mpaka, na imeshiriki katika majaribio ya dawa zake kwa ajili ya Afrika Mashariki. Kipimo cha awali ni tone la damu kwenye kijikanda. Matibabu yaliyopendekezwa kwa eneo letu tangu mwaka 2010 ni sindano za dawa 2 kila siku kwa siku 17. Kabla ya hapo zilikuwa siku 30. Haya yote yanajulikana kwa kila mhudumu wa kijiji wa Amudat. Katika vikao vyetu 4 vya maandalizi jijini Nairobi, neno kala-azar halikutajwa hata mara moja, na ugonjwa unaohitaji siku 17 haungeweza kutibiwa na safari ya siku 8 hata kama ungetajwa.

Kilichohitajika kilikuwa gari. Land Cruiser ilikuwa imepangiwa kupeleka jenereta na projekta katika kijiji kingine kwa ajili ya mkutano wa jioni, na kiongozi wa msafara, mtu mwema aliyechoka, alianza kueleza kwamba ratiba imekwisha kutangazwa na watu wanasubiri. Tulibishana kwa dakika kadhaa mbele ya mama yule, jambo ambalo bado linaniaibisha. Dereva wetu, mzee wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu Kitale, alishusha jenereta peke yake, akaiweka chini ya mti na kufungua mlango wa nyuma.

«Mama apande na mtoto,» alisema. «Hii jenereta haina homa.»

Mkutano wa jioni ulifanyika bila filamu, kinanda kikakosa umeme, na watu waliimba kwa midomo na kwa kuruka kama wanavyoimba siku zote. Mzee alirudi saa mbili usiku akasema kipimo kimeonyesha kala-azar na mtoto amelazwa.

Baada ya hapo safari ilibadilika, ingawa hakuna aliyetangaza mabadiliko. Wahudumu wa kijiji waliketi pamoja na waliosajili, si kupanga foleni bali kuchagua. Katika siku 2 zilizobaki gari lilipeleka hospitalini watu wengine 8: watoto 2 wenye bandama kubwa, ambao mmoja wao alikutwa na kala-azar, mjamzito ambaye shinikizo lake lilikuwa 170 kwa 110, mzee mwenye ngiri iliyobana, na wengine ambao hali zao hazikuweza kusubiri. Daftari letu la kliniki lina majina 900 na ushee. Nikiulizwa ni wangapi kati yao ambao leo wako katika hali tofauti kwa sababu tulikwenda, nitawataja hao 9 kwanza, na nitahitaji kufikiri sana kabla ya kumtaja wa 10. Hospitali ilikuwepo kabla yetu. Dawa za kala-azar zilikuwepo, na hutolewa bure. Mhudumu aliyejua alikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa nauli ya kufika huko, na mtu wa kumwambia mama huyo kwamba safari hii si malaria tena.

Hata hivyo gari peke yake halikumaliza kazi. Siku 17 za sindano ni siku 17 za mama kukaa kando ya kitanda, huku watoto wengine na mbuzi wakibaki na jirani. Siku ya mwisho tulipita hospitalini kumwachia unga, maharagwe, sukari na fedha kidogo za kuni. Nilimkuta ameketi kwenye baraza pamoja na akina mama wengine, mtoto akiwa amelala kwenye kivuli cha shuka lake. Muuguzi aliyekuwa zamu alinionyesha chumba cha dawa kwa fahari ya mtu wa kazi yangu: rafu zilizopangwa kwa tarehe, kadi ya kila dawa ikiwa imejazwa hadi siku ile. Niliona haya nilipokumbuka boksi la «dawa mchanganyiko». Alisema timu za kanisa hupita mara kwa mara, na akaniuliza kwa upole kwa nini huwa hazipiti kwake kabla ya kliniki ila baada yake.

Upo mkanganyiko mwingine mdogo ambao anayejiandikisha anapaswa kuujua. Kati ya watu 31, wahudumu wa afya tulikuwa 11. Waliobaki walikuwa waombaji, wapishi, vijana wa kusaidia na mpiga picha mmoja. Wapishi na vijana walifanya kazi kuliko sisi sote. Mpiga picha aliwapiga watoto wakidungwa sindano na akina mama wakinyonyesha bila kuuliza mtu, hadi binti mkalimani wangu alipomuuliza kama kwao Nairobi watu hupigwa picha wakiwa wagonjwa. Alifuta nyingi, nami ninamheshimu kwa hilo.

Ningemshauri nani aende? Muuguzi au tabibu anayekubali kuongozwa na mhudumu wa kijiji aliyesoma miaka michache kuliko yeye, aende bila kusita. Atajifunza kupapasa bandama kuliko alivyofundishwa chuoni. Mfamasia aende, lakini adai orodha ya dawa wiki 6 kabla, na ikiwa hataipata asilipe. Dereva mwenye leseni na gari la kupita kwenye mchanga ningemwomba kwa magoti. Anayetafuta kuona mandhari mapya na kurudi na ushuhuda mzuri, mandhari yapo, Mlima Kadam huonekana asubuhi ukiwa wa samawati, lakini kwa ushuhuda shilingi 42,000 ni nyingi. Nikipewa nyota 5, ningeipa safari hii 3: moja kwa bahasha na wakalimani, moja kwa kina mama wa kijiji, ambao si wa muungano huo, na moja kwa Mzee dereva.

Tulikutana na waandaaji mwezi Septemba, nikawasomea karibu yote yaliyoandikwa hapa. Hawakujitetea. Kwa safari ijayo watatuma watu 2 Amudat mwezi mmoja kabla, wakakae na hospitali na wahudumu wa vijiji wapange pamoja. Meza ya maombi itakuwa chini ya mti tangu siku ya kwanza. Tembe za kuyeyusha zimeagizwa, na mizani 2 zimekwisha kununuliwa. Mchango umepanda hadi shilingi 45,000. Nilipouliza hiyo 3,000 ni ya nini, mweka hazina alinionyesha mstari mpya kwenye bajeti: mafuta ya gari la pili, na unga kwa watakaolazwa baada yetu kuondoka. Nimelipa nusu, na nusu nyingine nitailipa mwisho wa mwezi nikipata mshahara.